Kupanga Mapumziko ya Kisiwani: Mambo ya Kupatana Kabla ya Kuvuka Maji

Katika miji ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Katoro na Geita, mapumziko ya kisiwani yamekuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Tangazo lake hufika kwa simu: ufukwe mweupe, mnazi ulioinamia maji, na maneno machache yanayoahidi siku nne za raha, "kila kitu ndani". Wakati mwingine picha yenyewe si ya Tanzania kabisa, bali ni ya kisiwa fulani cha bahari ya Karibi, kwa kuwa aliyetengeneza tangazo aliichukua alikoiona. Wanaolipokea ni mfanyakazi wa mgodini aliyemaliza zamu zake, mkulima aliyeuza pamba au mpunga, maharusi wanaotafuta mahali pa fungate, mwalimu aliyelipwa kiinua mgongo, na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanaokaribia kugawana fedha za mwaka. Jambo moja linawaunganisha wote hawa: fedha yao huja kwa mkupuo, na muuzaji wa safari hupenda ilipwe kwa mkupuo.

Kijitabu hiki hakikusudii kumkatisha mtu tamaa ya kusafiri. Aliyefanya kazi anastahili kupumzika. Hata hivyo, safari ya kisiwani inatofautiana na safari nyingine kwa jambo ambalo mlaji hulitambua akiwa amekwisha kuchelewa. Mjini, chakula cha hoteli kikiwa ghali, utavuka barabara ule kwa mama lishe. Chumba kikiwa kichafu, utahamia nyumba ya wageni ya jirani. Kisiwani mara nyingi hakuna barabara ya kuvuka. Boti ni moja, jiko ni moja, kitanda ni kile ulichopewa, na bei ya kurudi nchi kavu huitamka mwenye boti. Ushindani wa biashara, ambao ndio unaomlinda mlaji siku zote hata asipoufikiria, huishia gatini. Kwa hiyo kila jambo linalogusa fedha au uhai linapasa kupatanwa, na kuandikwa, mnunuzi akiwa bado nchi kavu.

Kisiwa kipi?

Mkazi wa Geita anayedhani kwamba kisiwa ni lazima kiwe Zanzibar hukisahau kilicho mlangoni pake. Rubondo ni hifadhi ya taifa iliyomo ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Mkoa wa Geita. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1977, na eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka kisiwa, ni takriban kilomita za mraba 456. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mnene. Simba hawamo wala chui. Wamo nzohe, swala anayependa kuishi katika mabwawa na matete, pamoja na fisi maji, viboko, mamba na ndege wengi. Tembo na twiga waliletwa na binadamu. Vilevile sokwe: kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17, ambao walikuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama za Ulaya, waliachiwa huru kisiwani humo katika mpango ulioongozwa na Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Walijifunza upya kuishi msituni, wakazaana, na walio kisiwani leo ni kizazi chao. Ni habari ya ajabu, na wauzaji wa safari wanajua hivyo.

Ndipo mlaji anapohitaji kuwa makini. Sokwe hawafugwi Rubondo. Wanaishi porini na huhama wapendavyo. Anayeahidi kwamba "utawaona sokwe kwa uhakika" anauza kitu asichokimiliki. Kinachouzwa kwa haki ni huduma ya kuongozwa na askari wa hifadhi au mwongozaji kwenda kuwatafuta, na ada yake huwa ya matembezi, hata kama sokwe hawakuonekana. Uliza swali hilo waziwazi kabla ya kulipa. Uliza pia kuhusu chakula. Katika malazi ya bei nafuu ya hifadhi mgeni hujipikia, na mtu aliyefika bila unga, mafuta wala chumvi hatapata duka la kununulia. Kuogelea ziwani si sehemu ya safari hiyo, kwa sababu ya mamba na viboko, hata kama tangazo lina picha ya watu wakiogelea. Mbung'o nao wapo, na huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyokolea. Vaa rangi za udongo na mikono mirefu.

Ukerewe ni safari ya namna nyingine, kwa kuwa ni kisiwa cha watu, mashamba na minada. Unakifikia kwa meli au kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio, au kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Njia ya pili ni ndefu kwa barabara lakini fupi majini, na kwa mtu anayeogopa maji tofauti hiyo ina thamani yake. Nyumba za wageni ziko Nansio, chakula ni sato, sangara, dagaa na matunda, na bei zake ni za wenyeji kwa sababu wateja wakubwa ni wenyeji. Huko ushindani upo, na mlaji anaweza kuamua mambo mengi baada ya kufika. Kutoka Ukerewe watu huvuka hadi Ukara, kisiwa kidogo chenye watu wengi, ambacho wanajiografia wamekisoma kwa miaka mingi kutokana na wakulima wake wanaotunza udongo kwa samadi na matuta. Ukara pia ina jiwe linaloitwa jiwe linalocheza, nalo huvuta wageni.

Saanane haihitaji maelezo mengi. Ni kisiwa kidogo ndani ya jiji la Mwanza, kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na safari ya boti ni ya dakika chache tu. Familia yenye watoto wadogo inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kwa anayetoka Geita, daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa nzima na zaidi ya siku ya mapumziko. Anayekuuzia leo safari ya Mwanza yenye "gharama ya kivuko cha Busisi" na afafanue kwa nini.

Zanzibar ndiyo inayotangazwa zaidi, na ndiyo iliyo mbali. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kama kilomita 1,000 kwa barabara, kabla ya kupanda boti ya kuvukia. Ndiyo maana katika safari ya siku nne "kila kitu ndani", siku mbili zinaweza kuishia njiani. Hesabu usiku utakaolala kisiwani, si siku zilizoandikwa kwenye tangazo. Anayeondoka Shinyanga Alhamisi kwa basi na kutakiwa kuwa kazini Jumatatu asubuhi amenunua usiku mmoja wa Zanzibar, na pengine hata huo hautoshi.

Msimu nao una neno lake. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi za pwani hushusha bei na baadhi hufunga kabisa. Punguzo la msimu huo ni la kweli, lakini lina sababu, na sababu hiyo itakunyeshea. Hata katika visiwa vya Karibi bei hushuka kuanzia Juni hadi Novemba kwa kuwa huo ndio msimu wa vimbunga. Muuzaji mwaminifu hutaja punguzo pamoja na sababu yake.

Kuifungua bei

Maneno "kila kitu ndani" hayana maana yoyote mpaka yafunguliwe. Tuchukue mfano wa watu kumi na wawili wa Katoro wanaotaka kwenda Rubondo kwa siku tatu. Wameambiwa bei moja kwa kila mtu. Bei hiyo inajumuisha nauli ya gari hadi gatini, boti ya kwenda, boti ya kurudi, ada ya kuingia hifadhini, malazi, chakula, mwongozaji, na faida ya muuzaji. Kila kimoja kina namna yake ya kuhesabiwa, na hapo ndipo fedha hupotea bila mtu kudanganywa kwa neno lolote.

Boti ya kukodi kwa kawaida hulipiwa kwa boti, si kwa kichwa. Kwa tarakimu za mfano tu, kama boti inakodishwa kwa shilingi 240,000 kwenda na kurudi, watu kumi na wawili watachangia shilingi 20,000 kila mmoja. Wakibaki wanne baada ya wengine kughairi, kila mmoja atadaiwa shilingi 60,000. Je, muuzaji atawadai nyongeza hiyo gatini? Au ataibeba mwenyewe? Jibu lisipoandikwa mapema, litatolewa asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshushwa na watoto wakiwa juani.

Ada ya hifadhi kwa upande wake huhesabiwa kwa mtu na kwa muda. Viwango vya raia wa Tanzania na Afrika Mashariki ni vya chini mno kuliko vya wageni wa nje, lakini uraia huthibitishwa kwa kitambulisho. Aliyesahau kitambulisho cha Taifa nyumbani anaweza kujikuta katika mabishano ambayo hatayashinda. Ada hizo hulipwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Serikali, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wala hazikabidhiwi mkononi kwa fedha taslimu. Kwa hiyo unayo haki ya kumwomba muuzaji akuonyeshe stakabadhi ya ada aliyokulipia, yenye idadi ya watu na tarehe. Imewahi kutokea pengine popote kwamba muuzaji anatoza ada ya watu kumi kisha analipia wanane. Stakabadhi hukata mzizi wa jambo hilo.

Halafu kuna fedha. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa shughuli chache zilizotajwa. Mtanzania anayetajiwa dola kwa chumba, kisha akabadilishiwa kwa kiwango alichokichagua mwenye hoteli, aombe bei ya shilingi. Na bei hiyo iwe ya mwisho, kodi na tozo zikiwa ndani yake.

Baada ya kuifungua bei namna hii utagundua mara nyingi kwamba kuna sehemu unayoweza kuinunua mwenyewe kwa nafuu. Kikundi chenye mtu mmoja mwenye subira ya kupiga simu hifadhini na kupanga boti huenda kisihitaji wakala kabisa kwa safari ya Rubondo au Ukerewe. Kwa Zanzibar wakala hufaa zaidi, hasa kwa anayeshindwa kuunganisha basi, boti na hoteli. Si dhambi kumlipa mtu kwa kazi ya kupanga. Lililo baya ni kumlipa bila kujua unachomlipia.

Malipo ya awali

Wakala halali wa safari za kitalii Tanzania Bara hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ile inayojulikana katika biashara kwa jina la leseni ya TALA. Zanzibar, leseni hutolewa na Kamisheni ya Utalii. Omba kuiona, na uangalie mwaka wake. Jina lililo kwenye leseni lilingane na jina la kampuni lililosajiliwa, na yote mawili yalingane na jina linalojitokeza kwenye simu yako unapolipa. Namba ya malipo ya biashara huonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha. Namba ya mtu binafsi huonyesha jina la mtu. Ukiona jina la mtu usiyemjua, simama hapo, hata kama sauti ya upande wa pili inasema huyo ni mhasibu, shemeji au mke wa mkurugenzi.

Ukurasa wenye wafuasi wengi mtandaoni si ushahidi wa uhalali. Wafuasi hununuliwa na kurasa huuzwa. Ushahidi mzuri zaidi ni wa zamani: ipigie simu hoteli yenyewe, kwa namba uliyoipata kwingine na si ile uliyopewa na wakala, uulize kama chumba kimewekwa kwa jina lako na kwa tarehe zako. Simu ya dakika mbili imewaokoa watu wengi.

Arubuni ni jambo la kawaida na halina ubaya, kwa sababu mwenye hoteli naye hupata hasara mgeni asipofika. Lakini arubuni ni sehemu ya bei, haipaswi kuwa bei nzima. Kwa maoni yetu, anayedai malipo yote miezi mitatu kabla ya safari, na kusisitiza kwamba "ofa inaisha leo saa sita usiku", amekwisha kukupa sababu ya kutolipa. Kabla ya kutoa arubuni pata maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yanayosema nani anauza, nani ananunua, tarehe, idadi ya watu, yaliyomo, yasiyokuwamo, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na itakuwaje safari ikivunjika. Hilo la mwisho liandikwe kwa pande zote: mnunuzi akighairi, muuzaji akighairi, na hali ya hewa ikizuia chombo kuondoka. Dai stakabadhi ya mashine ya EFD kwa kila malipo. Picha ya muamala kwenye simu inaonyesha kwamba fedha ilitoka kwako. Haionyeshi ulinunua nini.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina hatari yao ya pekee. Mweka hazina hukusanya michango na kuituma kutoka simu yake binafsi, na mkataba huandikwa kwa jina lake. Safari ikivunjika, muuzaji humtambua yeye peke yake, na wanachama wengine hubaki kumdai mwenzao, pengine jirani au wifi. Undugu mwingi umeharibika namna hiyo. Andikeni mkataba kwa jina la kikundi, majina yote yakiambatanishwa.

Chombo cha majini

Tunalizungumzia jambo hili kwa urefu kwa sababu watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora kuelekea Bwisya, Ukara, na kupinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Waliofariki walizidi 200. Kivuko hicho kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu kama 100. Baharini, MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, na MV Skagit ikazama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Katika ajali hizi zote kulikuwa na watu nchi kavu ambao kwa siku nyingi hawakujua kama ndugu yao alikuwamo chomboni.

Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, na kwa upande wa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo kilichokaguliwa kina cheti chenye idadi ya abiria kinachoruhusiwa kubeba. Abiria ana haki ya kuuliza idadi hiyo, na kisha kuhesabu kwa macho yake. Jaketi okozi ziwe nyingi kama watu, na ziwepo za watoto. Jaketi ya mtu mzima humteleza mtoto na kutoka kichwani. Livae kabla ya boti kuondoka. Likiwa limefungwa kamba chini ya mizigo ni pambo tu.

Jina lako na liandikwe kwenye orodha ya abiria, kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Watu huliona jambo hili kuwa usumbufu, na katika bandari ya Dar es Salaam wapo vishoka wanaouza tiketi zenye majina ya watu wengine kwa bei ya juu kidogo, hasa siku za sikukuu. Anayesafiri kwa jina la mwingine hayupo chomboni kwa mujibu wa karatasi. Ajali ikitokea, ndugu zake hawataulizwa, na madai yao ya fidia yataanza kwa kuthibitisha jambo ambalo tiketi inalikanusha. Nunua tiketi dirishani au katika mfumo wa kampuni yenyewe.

Hali ya hewa ina tabia zake. Katika Ziwa Victoria dhoruba nyingi za radi hutokea usiku hadi alfajiri, na baharini upepo wa kusi huleta mawimbi makubwa kati ya Juni na Agosti. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla. Kwa boti ndogo, vuka mchana, na panga siku moja ya akiba mwishoni mwa safari, ili usimlazimishe nahodha kuondoka kwa kuwa unatakiwa kazini kesho. Nahodha anayekataa kuondoka anastahili shukrani yako, na mkataba mzuri unasema nani atalipia usiku wa ziada. Usipokubaliana na idadi ya watu waliopakiwa, shuka. Kushuka kunakugharimu nauli. Ndiyo maana tumeshauri hapo juu kwamba haki ya kurudishiwa nauli iandikwe mapema, ili mtu asilinganishe fedha na roho yake akiwa ameshika mtoto kwenye ngazi ya boti.

Utamaduni hauuzwi kwa kifurushi tu

Matangazo mengi huongeza maneno "na utamaduni" bila kuyafafanua, na kinachotolewa huwa ni ngoma ya nusu saa wakati wa chakula cha jioni. Hiyo ni burudani, na anayeipenda hajakosea. Lakini anayetaka kukijua kisiwa anaweza kupata zaidi kwa gharama ndogo, akijiandaa kabla ya safari.

Ukerewe, kwa mfano, ina mwandishi wake. Aniceti Kitereza, aliyefariki mwaka 1981, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaikamilisha mwaka 1945, kisha akaihamishia katika Kiswahili. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Humo kuna ndoa, ugumba, uganga, kilimo, uvuvi na tabia za wakwe, vyote vikielezwa na mtu aliyeviishi. Aliyeisoma, hata sehemu tu, huwa na maswali ya kuwauliza wazee wa Nansio, na wazee hupenda kuulizwa. Hakuna wakala anayeweza kukuuzia mazungumzo hayo.

Njiani pia kuna mambo. Anayekwenda Ukerewe kwa barabara ya Bunda hupita Kisesa, ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoanzishwa kwa juhudi za Padre David Clement. Wasomaji wetu wengi ni Wasukuma, na watadhani hawana cha kujifunza huko. Ngoma za watemi, vifaa vya kazi za wazee na habari za vyama vya Bagika na Bagalu ni vitu ambavyo watoto waliozaliwa Kahama mjini hawajawahi kuviona. Sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama hivyo hushindana kwa ngoma, hufanyika karibu na sikukuu ya Ekaristi. Ukiweza, panga safari iangukie wakati huo, lakini weka malazi mapema.

Zanzibar, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kuutembea kwa miguu hakudai tiketi. Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai, na mgeni hukaribishwa. Katika mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huja mapema kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka uliotangulia, migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani ni utovu wa adabu. Hoteli za wageni huendelea kuhudumia ndani. Mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Popote uendapo, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usikatwe fedha na kijana anayejiita mwongozaji bila kitambulisho chake cha kazi. Kubaliana naye bei kwa kikundi na kwa saa kabla ya hatua ya kwanza.

Mambo yakiharibika

Lalamika kwanza kwa muuzaji, kwa maandishi, siku hiyohiyo. Sema ulichoahidiwa, ulichopewa, na unachotaka: kurudishiwa fedha yote, sehemu yake, au huduma nyingine. Piga picha ya chumba, ya boti, ya orodha ya chakula. Mpe siku maalumu za kujibu.

Asipojibu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na matamko ya uongo kuhusu huduma, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, yenye ofisi ya kanda jijini Mwanza. Zanzibar inayo tume yake. Malalamiko ya nauli na huduma za basi hupokelewa na LATRA, na yale ya vyombo vya majini hupokelewa na TASAC. Kama hakukuwa na huduma yoyote, na namba ya simu imezimwa, hilo ni jambo la polisi; nenda kituoni na taarifa za miamala zilizochapishwa. Namba iliyotumika kukutapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na umpigie mtoa huduma wako wa fedha mara moja, kwa maana fedha ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa, na iliyokwisha kutolewa kwa wakala mara nyingi hairudi.

Tunza mkataba, stakabadhi, tiketi na ujumbe wote wa simu hadi miezi kadhaa baada ya kurudi. Acha nakala kwa mtu aliyebaki nyumbani, pamoja na jina la chombo utakachopanda, gati la kuondokea na saa unayotarajiwa kufika.